Siku Tatu Chini ya Ndege ya Daktari Cornel

Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumwambia baba kwamba hasikii. Tulikuwa tunazunguka tu. Mama aliongeza sauti ya redio na kusingizia betri. Mdogo wangu Erick aliacha kumpigia simu, akawa anamwandikia ujumbe. Mimi nilijifunza kumsemesha nikiwa mbele yake, na kungoja anitazame midomo kabla sijaendelea. Yeye naye alituzungusha. Akiulizwa jambo ambalo hakulisikia, alitikisa kichwa polepole, akavuta pumzi, kisha akasema, "Tutaona." Ukoo mzima unamsifu kwa busara. Nusu ya busara hiyo ni uziwi.

Jina lake ni Sila Ndahani, Mgogo wa Gulwe, aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka stesheni. Alipofikisha miaka kumi na tisa reli ilimwajiri, na kwa miaka thelathini na minne alifanya kazi moja tu, kukagua breki za mabehewa. Breki za treni zile zilitumia vakyumu. Injini ilinyonya hewa kutoka kwenye paipu lililopita chini ya mabehewa yote, na kule kunyonya ndiko kulikoziachia breki. Paipu likitoboka popote, hewa ya nje inaingia, breki zinakamata, na treni haiendi kokote. Wakaguzi walitembea wawili wawili. Mmoja alibaki kwenye geji, mwenzake alipita kando ya mabehewa akisikiliza. Akisikia hewa inaingia ananyanyua mkono, na mkono ukiwa juu treni haiondoki. Mikono ikiwa chini, safari njema. Wakimaliza walisaini kadi wote wawili, mwenye geji mstari wa juu na msikilizaji mstari wa chini.

Mwenzake baba aliitwa Raphael. Walipokezana geji na masikio mpaka wakastaafu, na baada ya hapo wakawa mafundi wa pampu na majenereta, bado wawili, bado wakisaini daftari la mteja mistari miwili hata pale mteja aliposhangaa. Raphael alifariki miaka minne iliyopita. Tangu siku hiyo baba anasaini mstari wa juu, anachora mstari wa chini kwa rula, na kuuacha mtupu.

Jumatatu moja ya mwezi wa tisa alinijia nyumbani kwangu Area C, akasimama mlangoni na boksi lake la spana.

"Mama, unipeleke Mlali," alisema. "Daktari amekwama."

"Lini?"

"Siku tatu."

Nilirudia swali langu nikiwa nimemkaribia. Akasema Jumatano. Nilikuwa nimechoka wiki hiyo. Mimi ni mwandishi wa taarifa za Bunge, nakaa na kusikiliza watu wakisema na kuandika walichosema, na tulikuwa tumetoka kwenye kikao kirefu kilichonikausha macho. Nilimwambia kuna magari ya abiria, na kuna kina Mudrick wa jirani wanaokwenda Kongwa kila siku. Akasema anataka mimi. Nikaomba likizo ya dharura, huku moyoni nikinung'unika kwamba mzee anataka dereva wa bure.

Daktari Cornel si daktari wa watu. Ni wa mifugo, Mhaya aliyehamishiwa Kongwa akiwa kijana, akaoa, akastaafu, akasahau kurudi kwao. Kwenye banda alilokuwa akihifadhia mahindi, alijenga ndege ndogo ya viti viwili kwa miaka kumi na moja, kwa michoro aliyoagiza na vipande vilivyokuja kwenye makasha. Majirani walimcheka miaka minane. Mwaka wa tisa wakaanza kumpelekea chai.

Ndege hiyo ina kikanyagio cha kupandia, kipande cha chuma kinachoning'inia chini ya tumbo, nyuma kidogo ya bawa. Injini ikizimwa, springi inakishusha, unakanyaga, unapanda bawani, unaingia. Injini ikiwaka, pampu yake inanyonya hewa, mfuko wa raba ulioko chini ya sakafu unajikunja, na kikanyagio kinavutwa juu na kujificha tumboni. Daktari alikihitaji kwelikweli. Goti lake la kulia lilipigwa teke na fahali miaka mingi iliyopita, halikunji, na bila kikanyagio hawezi kufika bawani. Ngazi ya mbao ingempandisha hapo bandani, lakini atakapotua kwingine nani atamletea ngazi?

Paipu la vakyumu baba ndiye aliyelifunga, miaka mitatu nyuma. Michoro ilipomshinda Daktari mahali hapo, mtu alimwambia kuna mzee wa reli. Baba alitazama mchoro dakika mbili akasema, "Hii ni breki ya treni, Daktari. Wamekuuzia treni."

Sasa kikanyagio kilikuwa kinapanda nusu, kinasita, kisha kinashuka chenyewe. Na haikuwa kikanyagio tu. Vakyumu hiyohiyo ndiyo iliyozungusha saa ya mbele inayomwonyesha rubani kama mabawa yamelala sawa. Mkaguzi wa ndege alikuwa anatoka Dar es Salaam Jumamosi asubuhi. Akikuta vakyumu inavuja, kibali cha kuruka hakitolewi, na Daktari ana miaka sabini na mmoja. Vipimo vyake vya afya vinaisha Desemba, na yeye mwenyewe hatarajii kufaulu tena. Kwa Daktari, basi, ilikuwa kuruka sasa au kutoruka kabisa. Kwa baba ilikuwa kazi ya mikono yake inayovuja, na masikio ambayo yangepaswa kuijua.

Tulifika Jumatano mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Daktari alitupokea kwa Kigogo chake cha miaka arobaini, ambacho bado kinachekesha.

"Mbukwenyi!"

"Mbukwa," baba alijibu, kwa sababu salamu hiyo anaisoma mdomoni bila taabu.

"Shikamoo Daktari," nikasema.

"Marahaba, mwanangu Elieth. Bunge limekuachia?"

"Limeniazima."

Hatukukaa. Baba alitandika gunia chini ya ndege na kuingia. Injini haikuwashwa, walikuwa na kompresa ya friji kuukuu ambayo mafundi huigeuza ivute hewa badala ya kusukuma. Ilinguruma mpaka sindano ya geji ikafika ilipotakiwa na kikanyagio kikajikunja juu. Baba akafunga koki, akazima kompresa, akanyanyua kiganja.

"Kimya."

Banda likatulia. Sindano ikaanza kurudi, taratibu, bila aibu. Baba alipanda bawani, akaingiza kichwa ndani ya ndege, na kuanza kufuata paipu kwa sikio la kulia, shubiri kwa shubiri, tangu mbele hadi nyuma. Mimi nilikuwa nimeinama upande wa pili na tochi. Na hapo nikaisikia. Nyuma ya kiti cha abiria, pale paipu linapopita kwenye tundu la ukuta mwembamba, palikuwa na msonyo. Msonyo mwembamba usioisha, kama wa shangazi aliyechukizwa na posa.

Sikio la baba lilifika pale. Lilikaa pale. Aliinua macho akanitazama.

Sikujua nifanye nini na uso wangu, nikafanya ninachokifanya kazini. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye kile kiti mbele ya watu wanaotukanana, wanaochekeshana, wanaolia, na uso wangu haujawahi kusogea. Kiongozi wangu wa kwanza alinifundisha hivyo: mwandishi hana maoni. Nilimtazama baba kwa uso huo.

"Hapa hakuna," akasema, na akasogea mbele.

Daktari alikuwa amesimama mita mbili tu kutoka hapo. Ningesemaje? Ningemwambia mzee wa reli, mbele ya mteja wake, kwamba sikio lake limelala juu ya tobo na halijui? Nilijipa moyo kwamba atalipata kwa njia nyingine ndani ya saa moja. Ana geji, ana mikono, ana miaka yote ile.

Hakulipata. Alhamisi alianza kubana paipu kipande kipande. Akibana upande wa kikanyagio, sindano inatulia. Akibana upande wa saa, inatulia pia. Akiachia zote, inashuka. Alirudia mara sita na kila mara jibu lilikuwa hilohilo, kana kwamba paipu lilikuwa linavuja tu likiwa halitazamwi. Baadaye tulijua sababu. Kila alipovuta paipu ili alibane, ule ufa ulijifumba. Wakati ule tulijua tu kwamba geji inatudhihaki.

Akabadilisha mfuko wa raba. Akabadilisha springi. Akafungua egemeo la kikanyagio, akafuta grisi yote iliyokuwa imechanganyika na vumbi ikawa saruji, akapaka mpya kidogo tu. Akatoa klipu zote akaweka mpya. Daktari alipendekeza tupake sabuni tuone mapovu, kama kwa fundi baiskeli.

"Hapa hewa inaingia, haitoki," baba alisema. "Povu litanyonywa."

"Basi tuipulizie."

"Tutapasua mfuko na kuua saa yako. Kisha utapanda nini?"

Bi Dorothea, mke wa Daktari, alileta ugali wa uwele na mlenda. Baba alikula amekaa kwenye boksi lake, mgongo umepinda, magoti yake mawili yakiwa yamevimba. Niliyatazama yale magoti. Nilikuwa nimenyamaza tangu jana yake, na kila saa iliyopita ilizidi kunifunga mdomo, kwa sababu kusema sasa kungekuwa kukiri kwamba nimemwangalia baba yangu akitambaa kwenye sakafu siku nzima huku najua. Nilijichukia. Nilimchukia na yeye kidogo, kwa kule kutotaka kwake kusema neno moja ambalo sote tulilijua. Nilichoka kwa uchovu ambao Bunge halijawahi kunipa.

Na alizidi kunitazama. Nilidhani ananisimanga kwa uvivu wangu. Kila alipofunga koki na kusema kimya, alipeleka kichwa kwenye paipu na kuinua macho kwangu. Nami kila mara nilimrudishia uso wa ofisini.

Ijumaa saa sita mchana, kompresa ilizimwa kwa mara ambayo sikuihesabu. Sindano ikashuka. Kikanyagio nacho kikashuka nyuma yake, kikaning'inia. Daktari alikaa kwenye debe tupu la mahindi.

"Mzee Sila," alisema kwa sauti ya upole mno, "nitampigia mkaguzi asije. Tumezeeka, rafiki yangu. Si dhambi."

Baba alikuwa amempa mgongo. Hakusikia. Alikuwa anafuta spana zake moja moja na kuzirudisha kwenye boksi, na niliona kwamba hahitaji kuambiwa. Alikuwa anafunga kazi. Na hakuwa anafunga ya siku hiyo peke yake, kwa sababu alikuwa akizipanga kwa ukubwa, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani.

Ndipo nilipopiga kelele. Nilipiga kelele kama mtu aliyeibiwa.

"Iko nyuma ya kiti!"

Alisikia hilo. Aligeuka.

"Nyuma ya kiti cha abiria," nikasema, nikilia kwa hasira. "Kwenye tundu la ukuta. Inasonya."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatano, baba. Ulikuwa umeweka sikio juu yake."

Nilingoja anifokee. Aliiweka ile spana chini. Kisha akasema polepole, si kwangu peke yangu, bali kwa Daktari pia:

"Daktari, mimi sisikii. Sikio la kushoto lilianza, la kulia likafuata. Raphael alikuwa anasikia kwa ajili yetu wote wawili miaka yake ya mwisho, na hakuna mteja aliyejua."

Daktari aliinuka taratibu kutoka kwenye debe.

"Sasa wewe," baba akanigeukia. "Unadhani nilikuja kwako kutafuta gari? Magari yamejaa stendi. Nilikuja kwako kwa sababu unalipwa kwa kusikia. Siku tatu nakutazama usoni. Nikifika kila mahali nakutazama. Raphael alikuwa hangoji kuulizwa, sikio likishika, mkono uko juu. Nami nikasema, Elieth akisikia nitauona uso wake. Uso haukusogea. Nikajua basi hakuna kitu, tobo liko kwingine, nikatafuta kwingine."

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Kwa nini wewe hukuniambia?"

Nilitazama sakafu. Bi Dorothea alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, na hata yeye alitazama chini. Siku tatu nilikuwa nimemficha baba yangu kitu kile kile alichonileta kumpa, na niliiita hiyo adabu.

"Haya," baba akasema. "Simama pale. Nami nakaa kwenye geji."

Kompresa ikanguruma, koki ikafungwa, kimya kikaingia. Niliinama nyuma ya kiti. Nilinyanyua mkono juu kabisa, na sikuwa na haja ya kunyanyua namna ile. Baba aliacha geji, akaja, akaweka kidole nilipoonyesha, na msonyo ukakatika. Akatoa kidole, ukarudi. Nilimwambia kwa kichwa: ipo, haipo, ipo.

Pale kwenye tundu, miaka mitatu nyuma, alikuwa ameviringisha paipu kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli ili ukuta usilisugue. Ndivyo tunavyofunga kila kitu hapa, kuanzia mpini wa jembe hadi bomba la maji. Lakini vumbi la Mlali lilikuwa limeingia kati ya ukanda na paipu, na kila injini ilipotetemeka lile vumbi lilifanya kazi ya msasa. Alipoufungua ule ukanda, ufa ulikuwa upande wa juu, mrefu kama punje ya mchele.

"Mpira wangu mwenyewe," alisema. Akaucheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, akautupa nje ya banda.

Alikata paipu palipooza, akaunganisha kipande kipya kwa klipu mbili, akaweka kwenye tundu raba halisi iliyokuwemo muda wote kwenye kasha la Daktari. Kompresa, koki, kimya. Nilitembea na sikio langu tangu mbele hadi nyuma. Mikono yangu ikabaki chini. Dakika kumi sindano haikusogea, na kikanyagio kikalala tumboni mwa ndege kimya kabisa.

Baba akaomba daftari la ndege. Aliandika kazi aliyoifanya, akasaini mstari wa juu. Akatoa rula mfukoni, akachora mstari wa chini. Kisha akanipa kalamu na kuelekeza kidole. Miaka kumi na tisa nimeandika maneno ya watu wengine, na sikumbuki kama jina langu limewahi kutokea kwenye ukurasa wowote. Mwandiko wangu ulitoka mbaya.

Jumamosi mkaguzi alikuja, kijana wa shati jeupe ambalo lilikuwa la kahawia kufikia saa nne. Alipima, akauliza, akasaini. Daktari alikanyaga kikanyagio chake kwa mguu mzima, akauvuta ule mbovu nyuma yake, akaingia. Injini ikawaka. Kikanyagio kikapanda. Ndege ikakimbia kwenye uwanja wa nyasi kavu aliousafisha mwenyewe, ikainuka, ikazunguka juu ya mashamba, ikarudi kupita juu ya vichwa vyetu.

Bi Dorothea alikuwa anapiga vigelegele. Watu walikuwa wameinua nyuso zao juu. Baba peke yake hakutazama ndege. Macho yake hayaoni mbali tena, na sauti ya injini kwake ilikuwa labda mtetemo kifuani tu. Alikuwa ananitazama mimi, uso kwanza, kisha mikono.

Niliuachia uso. Uliharibika wote, machozi na meno na vumbi, mbele ya mkaguzi wa serikali. Mikono yangu niliiacha ining'inie chini ili aione vizuri.

"Kikanyagio kimefunga?" aliuliza.

"Kimefunga, baba."

Sikupaza sauti. Alisoma mdomoni, akatikisa kichwa kukubali, akaenda kuchukua boksi lake la spana.